Mfupi aliyevuka mita 2.40: Stefan Holm na namna tunavyochagua warukaji

Msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, walimu wenzangu wa michezo hapa Moshi na kule Arusha hunipigia simu na swali lilelile: "Mwalimu, nina kijana mrefu kweli kweli, nimweke kwenye kuruka juu?" Urefu wa kijana hutajwa hata kabla ya jina lake. Hakuna anayeniambia kijana anakimbiaje, anarukia mguu upi, wala kama anaweza kukata kona kwa kasi bila kushika breki. Mimi huwajibu kwa kumtaja Mswidi mmoja, Stefan Holm.

Holm ana urefu wa mita 1.81. Angepita sokoni Kiboriloni asubuhi na hakuna ambaye angegeuka kumtazama. Lakini Machi 2005, kwenye mashindano ya Ulaya ya ndani ya ukumbi mjini Madrid, aliruka mita 2.40. Ukitaka kuielewa namba hiyo, nenda kasimame golini kwenye uwanja wowote wa mpira wenye vipimo halali. Mtambaa panya uko mita 2.44 kutoka chini. Holm alipita sentimita nne tu chini ya hapo, kwa mguu mmoja, bila kushika kitu. Javier Sotomayor wa Kuba, mwenye rekodi ya dunia ya mita 2.45 tangu 1993, angepita sentimita moja juu ya kipimo hicho. Ila Sotomayor ana mita 1.95. Holm aliruka sentimita 59 juu ya utosi wake mwenyewe, na anayelingana naye kwa kipimo hicho ni Mmarekani Franklin Jacobs, mwenye mita 1.73, aliyevuka mita 2.32 mwaka 1978.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mjadala wa urefu unapomalizwa, au angalau unapowekwa mahali pake. Mrukaji anapoachana na ardhi, kitovu cha uzito wa mwili wake, yaani nukta ambayo uzito wote unasawazika, tayari kiko juu, kwa makadirio asilimia 70 ya urefu wake, maana amesimama wima kwenye ncha ya mguu huku goti la pili na mikono vimepanda. Kwa mtu wa mita 1.95 ni kama mita 1.37. Kwa Holm ni kama mita 1.27. Yaani mrefu amepewa sentimita kumi za bure kabla hajafanya lolote. Hilo sibishani nalo.

Lakini kinachobaki, ile mita moja na zaidi ya kupanda hewani, hakitolewi na urefu. Kinatolewa na kasi ya kwenda juu wakati mguu unaachia ardhi. Ili kitovu hicho cha uzito kifike mita 2.40, yule wa mita 1.95 anahitaji kuondoka na kasi ya kupanda ya takriban mita 4.5 kwa sekunde. Holm alihitaji takriban 4.7. Deni lake lote la ufupi lilikuwa mita 0.2 kwa sekunde. Ni deni zito kwa kiwango kile, lakini ni deni linalolipika kwa mazoezi. Urefu haulipiki.

Na wakati mwingine mrefu humshinda mfupi, tusidanganyane. Paris 2003, fainali ya dunia, Holm alikutana na Jacques Freitag wa Afrika Kusini, mwenye mita 2.04. Freitag alivuka 2.35 akachukua dhahabu, Holm akabaki na fedha kwa 2.32. (Mashindano yaleyale Hestrie Cloete, naye wa Afrika Kusini, alishinda upande wa wanawake kwa mita 2.06. Dhahabu zote mbili za kuruka juu zilikuja Afrika, na sisi wa huku tuliokuwa tunafuatilia mbio ndefu tu hatukushtuka hata kidogo.) Lakini tazama rekodi binafsi za hao wanaume wawili: Freitag 2.38, Holm 2.40. Sentimita 23 za kimo zilimezwa zote, na chenji ikabaki.

Kuna swali la pili ambalo ukiishi Arusha huwezi kulikwepa. Wageni huliuliza, na wenyeji nao: mbona morani wa Kimaasai, wanavyoruka vile kwenye ngoma zao, hawako Olimpiki? Jibu ni kwamba wanachofanya ni kazi nyingine. Morani huruka kwa miguu miwili, amesimama, na hurudia tena na tena kwa mdundo. Sheria ya kuruka juu inadai mguu mmoja. Na ukisimama tu, misuli ya miguu haina muda wala njia ya kukupa ile mita 4.5 kwa sekunde. Kasi hiyo lazima uje nayo kutoka mbali, kwa kukimbia, kisha uigeuze iende juu. Kijana wa Kimaasai anaweza kuwa mrukaji mzuri, bila shaka, ila tutamjua kwa namna anavyokimbia.

Na kukimbia ndiko kulikokuwa mtaji wa Holm. Warukaji wa kiwango cha juu hufika kwenye ufito, ile fimbo ya kuvukwa, wakiwa na mita 7 hadi 8 kwa sekunde, na yeye alijulikana kwa kuingia kwa kasi kali. Hatua za mwanzo hunyooka, nne au tano za mwisho hupinda. Mpindo huo watoto wengi huuona kama urembo. Kazi yake ni hii: ukikimbia kwenye kona kwa kasi, mwili unalazimika kulalia ndani, yaani kuukimbia ufito. Ukikanyaga hatua ya mwisho, mwili unainuka kutoka kwenye ule mlalo, na kule kuinuka ndiko kunakoutupa upande wa pili. Mrukaji anayenyooka mapema, hatua mbili kabla, atalazimika kujirusha kwa bega kuelekea kwenye ufito, na ataushusha kwa makalio. Nimewaona wengi mno.

Halafu hatua ya pili kutoka mwisho. Hapo nyonga hushuka kidogo, bila kupunguza mwendo, na hatua ya mwisho huja haraka, mguu ukitua mbele ya mwili ukiwa mgumu. Unakaa chini kama sekunde 0.15. Ndani ya muda huo sehemu ya mwendo wa mbele inazuiwa na ule mguu na kugeuzwa kuwa ya kupanda. Goti likilegea, umekwisha. Mguu ukitua sambamba na ufito, kifundo kinaumia; utue ukielekea kona ya mbali ya godoro.

Hii yote inafundishika kwenye uwanja wa shule usio na kifaa hata kimoja, na mimi hutumia duara la katikati ya uwanja wa mpira. Nusu kipenyo chake ni mita 9.15, karibu sana na mpindo anaoutumia mrukaji. Mweke mwanafunzi akimbie juu ya mstari wa chokaa, nusu duara tu, kwa kasi. Akifika mita 7 kwa sekunde, mwili wake utalala kiasi cha nyuzi 28 hivi. Simama nyuma yake utazame: je, mwili wote umelala kuanzia kifundo, au amekunja kiuno tu na kichwa kimeinama ndani? Anayerukia mguu wa kushoto akimbie kinyume cha saa, mguu wa kulia aende kwa saa. Zoezi hili linanionyesha mrukaji haraka kuliko futi kamba. Mwaka jana binti wa kidato cha pili, mfupi kuliko wenzake wote kwenye mstari, alizunguka ule mstari utadhani amefungwa kamba katikati ya uwanja, hatua zikiongezeka kasi badala ya kulegea. Mwalimu wake alikuwa amemleta kwa mita 200.

Tatizo letu ni masika. Mazoezi huangukia Machi hadi Mei, na udongo wa Moshi ukilowa hauruhusu mtu kukata kona. Mguu unateleza na mtoto anajifunza kuogopa. Siku hizo hamieni kwenye uwanja wa sementi wa kikapu, mvae raba zenye meno, mfanye hatua tano za mpindo bila ufito. Afadhali hivyo kuliko kurukaruka matopeni.

Turudi kwa Holm, maana safari yake nayo inasema kitu. Alizaliwa 1976 Forshaga, mji mdogo wa Uswidi, na kocha wake alikuwa baba yake mzazi, Johnny. Alipokuwa na miaka 11, Mswidi mwenzao Patrik Sjöberg, mtu wa mita 2.00, aliweka rekodi ya dunia ya 2.42 mjini Stockholm. Unaweza kufikiri mtoto mfupi angeona mfano huo na kuhamia mchezo mwingine. Alibaki kwenye kuruka juu.

Kilichofuata kilikwenda polepole. Olimpiki ya Sydney 2000 alimaliza wa nne. 2001 akawa bingwa wa dunia wa ndani ya ukumbi mjini Lisbon, na taji hilo alilichukua tena 2003, 2004 na 2008. Olimpiki ya Athens 2004 ndiyo fainali ninayowaonyesha wanafunzi. Hadi mita 2.32 hakuwa ameangusha hata mara moja. Kwenye 2.34 akaangusha, akaangusha tena. Matt Hemingway wa Marekani na Jaroslav Bába wa Cheki walikuwa wameshavuka. Kuangusha mara tatu mfululizo ni kutoka nje, kwa hiyo lililobaki lilikuwa jaribio moja. Akavuka. Ufito ukapandishwa hadi 2.36, akavuka la kwanza, wenzake wakashindwa. Ninachowaambia watazame ni mbio zake: zile za jaribio la tatu hazina tofauti ya macho na za mita 2.20 za mwanzoni. Watoto wetu wakibakiwa na jaribio la mwisho hubadilisha kila kitu. Hurudi nyuma hatua mbili za ziada, hukimbia kwa hasira, hufika wamesogea karibu mno na ufito.

Anayependa kubishana ataniletea Donald Thomas wa Bahamas. Huyo alikuwa mcheza kikapu chuoni Marekani. Mapema 2006 alibishana na wenzake kwamba anaweza kuruka, akaruka, na Agosti 2007 mjini Osaka akawa bingwa wa dunia kwa mita 2.35. Holm, aliyeruka tangu utoto, alikuwa wa nne siku ile. Sasa, mazoezi yana faida gani? Kipaji kipo, na Thomas ana mita 1.90 na miguu iliyoumbwa kwa kazi hiyo. Lakini baada ya ubingwa ule alishindana miaka mingi na rekodi yake binafsi iliishia 2.37. Aliongeza sentimita mbili tu. Kwa maoni yangu Thomas alianza karibu na dari yake, Holm aliijenga ngazi ya kwake. Ukiwa kocha wa shule, watoto wa aina ya Thomas hawana haja nawe sana. Watakaotegemea kazi yako ni wale wengine.

Holm aliacha 2008, baada ya kumaliza wa nne Olimpiki ya Beijing kwa mita 2.32.

La mwisho ni la usalama, na hapa sina utani. Kuruka kwa mgongo, mtindo alioushindia Dick Fosbury mita 2.24 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, uliwezekana kwa sababu pa kuangukia palikuwa pameshawekwa vitu laini na vinene. Bado naona shule zinazowaacha watoto waruke kwa mgongo kwenye shimo la mchanga, kisa wameona kwenye simu. Mtoto anatua kwa shingo. Penye mchanga, ruka mkasi basi, mguu mmoja ukivuka ufito kwanza na wa pili ukifuata, utue kwa miguu; mkasi unafundisha mbio za mpindo na mguu mgumu vilevile, na bingwa wa wilaya anaweza kupatikana kwa mkasi. Mkipata magodoro ya sponji, yapangeni tabaka mbili au tatu, tabaka la juu lipishane na la chini, kisha yafungeni yote kwa wavu au turubai moja, kwa sababu yakiachana katikati ndipo mguu au kichwa kinapozama. Ufito wa kujifunzia uwe lastiki, siyo mwanzi. Mwanzi ukivunjika chini ya mgongo wa mtu unachoma.