Taa ya betri inawaka, alteneta ni mpya: usikimbilie kuirudisha dukani

Wengi husema, “Wameniuzia alteneta mbovu,” yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka. Mara nyingi kasoro iko kwenye waya. Toyota nyingi zina plagi ya pini tatu: IG huamsha regyuleta (kidhibiti cha volti za chaji), L huenda kwenye taa ya dashibodi, S husoma volti za betri. Fyuzi ya IG ikiungua, hata alteneta mpya hailishi kitu.

Washa injini na taa kubwa, weka ncha moja ya mita ya volti kwenye bolti ya B ya alteneta (inayopeleka umeme kwenye betri), nyingine kwenye chanya ya betri. Ikizidi nusu volti, kagua waya huo: nati imelegea, kichwa kina kutu. Pima pia kati ya hasi ya betri na bodi ya alteneta. Mafundi wengi huruka hapo. Chaji nzuri kwenye betri ni volti 13.8 hadi 14.5.