Ubongo hautunzi faili: maswali na majibu kuhusu kumbukumbu

Ubongo una gigabaiti ngapi?

Hakuna namba ya kuaminika, kwa sababu kipimo chenyewe hakifai. Kompyuta huandika kila kitu kwa biti, 0 au 1. Biti 8 ni baiti moja, na kila baiti ina anwani yake. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kumbukumbu imo katika nguvu ya sinapsi, yaani mahali seli hizo zinapopashana habari. Tukio moja husambaa kwenye sinapsi nyingi, na sinapsi moja huhudumia matukio mengi. Kwa hiyo huna haja ya kufuta ya zamani ndipo ujifunze mapya.

Mbona nimesahau nilichoambiwa sasa hivi?

Huenda hakikuwahi kuhifadhiwa. Kumbukumbu ya papo kwa papo hubeba mambo 4 hivi kwa wakati mmoja, nayo hufanana na RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta: umeme ukikatika, kilichomo hupotea. Kwa binadamu, kinachokatika ni umakini. Ili jambo lidumu, linahitaji hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo, upande wa kushoto na wa kulia. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani, alifanyiwa upasuaji wa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Utoto wake aliukumbuka, lakini aliyekutana naye asubuhi alikuwa mgeni tena mchana. Hata hivyo, alipofundishwa kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku, ingawa kila mara aliamini ndiyo mara yake ya kwanza. Ujuzi wa mikono una njia yake nyingine.

Nikikumbuka kitu waziwazi, naweza kuwa nimekosea?

Ndiyo. Faili ukiifungua mara elfu hubaki ilivyo, ila kumbukumbu hujengwa upya kila unapoiita, na maneno ya wengine huchanganyika nayo. Mwaka 1974 wanasaikolojia Loftus na Palmer walionyesha watu filamu ya ajali ya magari. Walioulizwa kasi ya magari “yalipopondana”, 16 kati ya 50 walisema wiki moja baadaye kwamba waliona vioo vilivyovunjika. Walioulizwa “yalipogongana” walikuwa 7 kati ya 50. Kwenye filamu hakukuwa na vioo vilivyovunjika.

Nisomeje ili nisisahau?

Funga kitabu, andika unachokumbuka, kisha fungua urekebishe. Rudia baada ya siku 1, 3, kisha 7. Kusoma tu tena na tena hudanganya: maandishi unayazoea, ukadhani unayajua. Halafu lala angalau saa 7, maana usingizini ndipo ubongo unapoimarisha ya mchana. Kukesha kabla ya mtihani ni hasara tupu.

Lini nimwone daktari?

Kusahau ulipoweka ufunguo ni kawaida. Kusahau ufunguo hutumikaje, kuuliza swali lilelile kila mara au kupotea njia uliyoizoea si kawaida. Usikimbilie kusema ni uzee. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni (thairoidi) isiyofanya kazi vya kutosha, sonona, pombe, dawa za usingizi na baadhi ya dawa za mzio huvuruga kumbukumbu, na mara nyingi hurekebishika zikigunduliwa mapema, kwa hiyo nenda na dawa zako zote. Mtu akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukapinda, mkono ukalegea au akashindwa kutamka, huenda ni kiharusi: mpelekeni hospitali dakika hiyohiyo.