Kufika Marekani sio mwisho wa mawazo

Kuna imani ya siku nyingi, hasa kwa wenzetu Wakongo waliokaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania, kwamba ukishapanda ndege ya Marekani basi, shida zimebaki kambini, na ukilia ukiwa Texas unaonekana huna shukrani. Sio hivyo jamani. Kambi ile ipo tangu 1996, kuna mtu kazaliwa pale akaolewa pale, afu anashushwa mji ambao jirani hata salamu hajibu, msaada wa kupokelewa ulikuwa unahesabiwa siku 90, na nauli ya ndege kumbe mkopo, baada ya miezi kama sita anaanza kulipa. Mwanzoni furaha, ndio, ila mwili ukishatulia ndo vita inarudi usiku, hulali, moyo unaenda mbio, kichwa kinauma na vipimo havionyeshi kitu. Halafu watoto wanashika Kiingereza fasta, wanakuwa wakalimani wa baba yao hospitali (hapo heshima ya mzee inayumba, na hili naona halisemwi vya kutosha). Sio uchawi wala ukichaa. Kanisa na watu wa kwenu wanasaidia sana, ila dokta naye mwambie, na hospitali nyingi kule zinatakiwa kukupa mkalimani bure, mtoto aende shule.