Vifaa vya Mazoezi ya Mbwa Vinavyotengenezwa Nyumbani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayetaka kumjengea mbwa wake misuli na uthabiti wa mwili hahitaji karakana wala fedha nyingi. Mbao chache, vijiti vinne vya ufagio, kipande cha mkeka wa mpira na utepe wa kupimia vinatosha kuanzia. Tatizo ni kwamba mawazo mengi kuhusu kazi hii yamechukuliwa kutoka kwenye mazoezi ya binadamu, au kutoka kwenye picha za mbwa waliosimamishwa juu ya mipira mikubwa, na baadhi yake humuumiza mnyama ambaye hana njia ya kueleza panapomuuma. Naanza na lile linalowakatisha watu tamaa hata kabla hawajashika msumeno.

“Kifaa cha nyumbani hakiwezi kufikia ubora wa kile cha kununuliwa”

Kifaa cha kununuliwa hutengenezwa kwa vipimo vya mbwa wengi kwa pamoja, ilhali anayekipanda ni mbwa mmoja mwenye kifua chake, mgongo wake na urefu wake wa miguu. Tuchukue jukwaa la kusimamia, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalostahili kutengenezwa kabla ya kingine chochote. Kazi yake ni kumfundisha mbwa kusimama sawasawa, miguu yote minne ikiwa chini ya mwili, bila kuitupa ile ya nyuma mbali wala kuielekeza nje. Ili lifanye kazi hiyo, urefu wake unapaswa kulingana na umbali uliopo kati ya nyayo za mbele na za nyuma anaposimama vizuri, na upana wake uzidi kidogo tu upana wa msimamo wake. Likiwa pana mno, atasimama ovyo kama anavyosimama sakafuni. Likiwa fupi mno, atalazimika kukunja mgongo. Ukimpima mbwa wako na kukata ubao kwa vipimo vyake, utapata kifaa ambacho duka lingekuuzia kwa bahati tu. Kimo cha sentimita 5 hadi 10 kinawatosha mbwa wengi kwa kuanzia.

Kinachohitajika zaidi ya vipimo ni uimara. Jukwaa lisipinde wala kulia linapokanyagwa na mtu mzima, vichwa vya skrubu vizamishwe chini ya uso wa mbao, na kingo zote zipigwe msasa mpaka ziwe mviringo.

“Rangi nzuri inatosha juu ya mbao”

Rangi ya kung'aa huteleza, na huteleza zaidi inapolowa. Mbwa anayeteleza hukaza mwili mzima, hukunja vidole na kujaribu kujishikilia kwa kucha, kwa hiyo anachojifunza juu ya kifaa hicho ni woga. Jukwaa langu la kwanza nililipaka rangi ya mafuta tabaka mbili, na mbwa wangu akakataa kulipanda kwa siku kadhaa. Nilidhani ni ukaidi. Nilipolifunika kwa mkeka wa mpira, alilipanda siku hiyohiyo bila kubembelezwa. Tangu wakati huo, mbwa akikataa kifaa, kinachokaguliwa kwanza ni kifaa. Mkeka wenyewe ugundishwe wote, hadi pembeni, kwa sababu kitambaa kinachokunjamana chini ya miguu ni kibaya kuliko mbao tupu. Msasa mkali haufai kuwa sakafu ya mazoezi, kwa kuwa huchubua nyayo. Kucha nazo zikatwe kwa wakati, maana kucha ndefu huzuia nyayo kukanyaga sawasawa hata juu ya mpira ulio bora.

“Kadiri kifaa kinavyoyumba, ndivyo mbwa anavyoimarika”

Hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi. Mbwa aliyesimama kwa utulivu hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele na asilimia 40 kwa ya nyuma, na lengo la mazoezi mengi ni kuifanya miguu ya nyuma ishiriki ipasavyo. Mbwa anayeogopa kuanguka hafanyi hivyo; hupanua msimamo, hukaza shingo na mabega, na kujishikilia tu mpaka aruhusiwe kushuka. Anayemtazama kwa mbali atasema anafanya mazoezi magumu, ilhali misuli iliyokusudiwa haifanyi kazi iliyokusudiwa.

Kazi kubwa zaidi hufanyika juu ya kitu kisichotikisika. Miguu ya mbele ikiwekwa juu ya jukwaa na ya nyuma ikabaki sakafuni, sehemu ya uzito huhamia nyuma bila hofu yoyote. Beseni imara lililopinduliwa na kufunikwa mpira, lisiloteleza sakafuni, humfundisha mbwa kuweka miguu ya mbele juu yake huku ya nyuma ikizunguka hatua kwa hatua, na wengi hapo ndipo wanapoanza kutambua kwamba wana miguu ya nyuma inayoweza kutumwa peke yake. Baada ya majuma kadhaa ya msingi huo, ubao wa kuyumba una maana. Unaweza kuutengeneza kwa plaiwudi nene na nusu ya mpira mgumu iliyofungwa katikati kwa chini, ili ukingo ushuke sentimita chache tu. Siku za mwanzo weka blanketi zilizokunjwa chini ya kingo ili mwendo uwe mdogo, kisha uzipunguze taratibu. Bandika pia vipande vya mpira chini ya kingo hizo, kwa sababu mbwa wengi hawaogopi kuyumba kwenyewe bali mlio wa ubao unapogonga sakafu.

Mpira mkubwa wa mazoezi wa binadamu haufai kuwa mwanzo wa safari hii. Umetengenezwa kubeba mwili laini na mpana wa mtu, wakati mbwa hushindilia uzito wake kwenye nukta chache ngumu za kucha. Zaidi ya hayo, uso wa tufe humtupa mnyama pembeni bila onyo.

“Viunzi virefu vina faida kubwa kuliko vifupi”

Vijiti vya kuvuka, ambavyo wataalamu huviita kavaleti kwa neno la Kiitaliano lenye maana ya farasi wadogo, vilitokana na mafunzo ya farasi. Havikusudiwi kurukwa. Mbwa huvivuka kwa kutembea au kwa mchakamchaka, akiinua kila mguu kwa zamu na kuuweka mahali panapostahili, na faida yote imo katika hatua hizo zilizopangwa. Kwa hiyo anza na vijiti vilivyolazwa chini kabisa, kisha uvipandishe kidogo bila kupita kifundo cha mguu wa mbele. Kwa mchakamchaka, umbali kati ya kijiti na kijiti unaweza kuanza kwa kukaribia kimo cha mbwa kutoka ardhini hadi juu ya mabega. Kwa kutembea, vijiti visogezwe karibu zaidi. Vinne hadi sita vinatosha. Akianza kurukaruka kwa miguu miwili miwili kama sungura, vipimo vimekosewa, na kinachopaswa kubadilika ni kimo au umbali.

Usikifunge kijiti. Kilaze kwenye kijishimo kilichochongwa juu ya kipande cha mbao ili kianguke kinapoguswa. Katika mashindano ya kuruka vizuizi ya mbwa, ambayo yalionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, mwaka 1978 kwa kuiga yale ya farasi, ufito wa kiunzi hulazwa kwa namna hiyo hiyo.

Kuhusu kuruka kwenyewe, mbwa wachanga wasubiri. Karibu na ncha za mifupa yao kuna gegedu la ukuaji ambalo halijakomaa, na katika mbwa wenye maumbo makubwa linaweza kuchukua miezi 18 au zaidi kabla ya kufunga. Vijiti vilivyolala chini vinawatosha.

“Mbao na tairi za bure hazina shida”

Nyingine zina shida kubwa. Mbao za chaga za mizigo zenye muhuri wa HT zimetibiwa kwa joto, ilhali zenye muhuri wa MB zimefukizwa kwa methili bromaidi, gesi yenye sumu, na hazifai kukaa karibu na mnyama anayelamba na kutafuna. Mbao za zamani za nje huenda zililoweshwa dawa yenye sumu ya aseniki. Marekani iliacha kuitumia katika mbao za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, lakini mbao za kabla ya hapo bado zipo. Tairi zilizochakaa huweza kuchomoza nyaya za chuma. Mabomba ya PVC yakianikwa juani kwa muda mrefu hukakamaa, na yanapovunjika huacha ncha kali.

Kwa ufupi tu niseme juu ya mambo mawili ambayo nisingependa yajaribiwe nyumbani kabisa. Mashine ya kukimbilia ya binadamu ina mkanda mfupi kwa mbwa mkubwa, na mbwa aliyefungwa kamba kwenye mashine hana pa kwenda akiteleza. Vifuko vya mchanga vinavyofungwa miguuni hubadilisha mwendo wa asili na kuzielemea kano. Matumizi ya uzito yaamuliwe na daktari wa mifugo au mtaalamu wa viungo vya wanyama.

“Mbwa akichoka ataacha mwenyewe”

Wengi hawaachi, kwa sababu chakula kiko mkononi mwako na wanataka kukupendeza. Baada ya kumtembeza dakika 5 hadi 10 ili misuli ipate joto, mazoezi ya dakika chache yanamtosha anayeanza, tena si kila siku. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi, na hulipunguza hasa kwa kuhema, kwa hiyo saa za jua kali zisiwe za mazoezi, hasa kwa wenye pua fupi. Tazama miguu kuliko uso: kutetemeka kwa paja, msimamo unaopanuka, mguu mmoja unaopumzishwa mara kwa mara. Ukiona kucha za nyuma zikigusa kijiti alichokivuka vizuri dakika moja iliyopita, viondoe vijiti, mpe maji, na mwendelee siku nyingine.