Bafa kwenye paipu: kwa nini grep inanyamaza wakati logi inatembea

Chukua seva ya nginx (programu ya kuhudumia tovuti), ukiandika `tail -f access.log | grep ' 500 '` (tail inafuata logi inavyoongezeka, grep inachuja mistari yenye 500, yaani kosa la seva, na alama | ndo paipu, inapitisha matokeo ya programu moja kwenda nyingine) mistari inatoka papo hapo, poa kabisa, afu ukiongeza `| cut -d' ' -f1` mwishoni ili ubaki na IP tu, kimya, dakika zinapita hamna kitu na wengi hapo wanaanza kuisingizia cut. Cut haina kosa, iliyokalia data ni grep.

Bafa ni kipande cha memori ndani ya programu yenyewe, maandishi yanakusanywa humo kabla ya kutumwa maana kila kutuma ni kuiita kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na ukiiita kwa kila mstari kazi inakuwa nzito. Sasa maktaba ya C (kodi ya pamoja ambayo programu hizi zinaitumia kuandika) inaangalia kwanza inaandikia wapi: kama ni terminali (dirisha unaloandikia amri) inatoa kila mstari unapoisha, kama ni paipu inasubiri bafa ijae, na kwa glibc, maktaba ya C ya Linux nyingi, hiyo kawaida ni baiti 4096. Mistari yako ikiwa na baiti 100 hivi, mpaka yatokee makosa kama 40 ndo uone la kwanza, na seva iliyotulia inaweza ikamaliza siku nzima haijafika huko.

Kibaya zaidi ni Ctrl-C, ya kusimamisha amri. Ukiibonyeza, grep inakufa kabla haijamwaga ilichobeba, ile mistari inapotea moja kwa moja, na wewe unaenda kumwambia bosi seva iko safi kumbe makosa yalikuwepo. Hili linaniuma kuliko ule ucheleweshaji.

Dawa: `grep --line-buffered`, kwa sed na awk, programu nyingine za kuchakata maandishi, sed iwekee `-u` na ndani ya awk ita `fflush()`, Python iendeshe na `-u`. Programu isiyo na swichi yake itangulizie `stdbuf -oL`, ila hiyo inabadilisha bafa ya maktaba ya C tu, Python 3 ina bafa yake na haiguswi.

Usichanganye na bafa ya paipu iliyoko kwenye kerneli, Linux kawaida inaipa baiti 65536, hiyo haicheleweshi kitu, kilichoingia kinasomeka saa hiyo hiyo na ikijaa anayeandika ndo anasubiri. Na kama unachambua faili kubwa la jana, hizo swichi ziache kabisa, zitakupunguzia spidi bure.