Mtoto ana Hirschsprung, kibarua cha mzazi kinaota nyasi

Mtoto akifika kwetu kwa rufaa, faili lake huwa limeshanenepa: picha za tumbo, majibu ya maabara, barua za hospitali mbili tatu. Kazi ya mzazi haimo hata kwa mstari mmoja. Mimi ni muuguzi wa upasuaji wa watoto hapa Tanzania, na kwa ninavyoona, ukitaka kujua kama mtoto mwenye Hirschsprung atamaliza matibabu kwa wakati, muulize mama yake anaishi kwa kazi gani na nani anamshikia nafasi akiwa kliniki.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mimba inapokua, chembe za neva zinazoufanya utumbo usukume choo husafiri kutoka juu kwenda chini, na kufikia kama wiki ya 12 huwa zimefika mwisho, kwenye njia ya haja kubwa. Kwa mtoto 1 kati ya 5,000 hivi, safari hiyo inakatika kabla ya kufika. Kipande kisicho na neva kinabaki kimekaza, choo kinarundikana nyuma yake kama foleni nyuma ya lori lililozima barabarani, na utumbo wa juu unatanuka. Wavulana huupata karibu mara 4 zaidi ya wasichana. Daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliueleza mwaka 1886, na jina lake ndilo lililobaki. Mama hakula kitu kibaya. Hakurogwa, wala si mkosi wa ukoo wake. Nalisema hili mbele ya baba na bibi wakiwapo, kwa sababu lawama zikianza, mara nyingi baba anaondoka, na mshahara wake unaondoka naye.

Dalili ya kwanza ni rahisi na inapita bila kuonekana. Watoto 9 kati ya 10 waliozaliwa wakati wao umetimia hupata choo kile cheusi cha kwanza ndani ya saa 24. Zikipita saa 48 bila choo, mrudishe mtoto hospitali. Tatizo ni kwamba kufikia hapo mama wengi wameshapewa ruhusa, wako nyumbani, na tumbo likivimba wanaambiwa ni chango. Zinaanza dawa za miti, linaanza bomba la haja kubwa kila siku mbili. Choo kinatoka kidogo, watu wanatulia, na miezi inakwenda.

Ugonjwa ukigundulika mapema, mtoto akiwa na afya nzuri, upasuaji unaweza kuwa mmoja tu: kipande kibovu kinakatwa, kizima kinavutwa hadi chini. Wengi wanaotufikia hawako hivyo. Tumbo limekuwa kubwa, uzito umeshuka. Hao huanza na kolostomi, yaani utumbo unatolewa nje kwenye ukuta wa tumbo ili choo kipitie hapo, na ule uliotanuka upate nafasi ya kurudi ukubwa wake. Baadaye unafuata upasuaji mkubwa, na mara nyingi mwingine wa kufunga kolostomi. Kwenye karatasi ni suala la miezi. Kwa familia nyingi linageuka mwaka na zaidi, na kinachorefusha muda huo si utumbo peke yake.

Nendeni mkaone nyumbani. Mifuko ya kolostomi ni ya shida nje ya miji mikubwa, na ikipatikana bei yake inashindana na chakula. Kwa hiyo mama anachana khanga kuukuu. Anakunja kipande mara nne, anakiweka juu ya utumbo, anafunga kingine kiunoni mwa mtoto. Choo cha kolostomi hakina saa: mtoto akinyonya kinatoka, akilia kinatoka. Ngozi isiposafishwa upesi inababuka, na ikibabuka kila kitambaa kinachoigusa ni kilio. Anaosha kwa maji ya uvuguvugu, anakausha kwa kugusagusa bila kusugua, anapaka dawa ya zinki au mafuta mgando, anafunga upya. Halafu kuna kuloweka, kufua na kuanika juani, kwenye nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani na maji ya kununua kwa dumu. Fanya hivyo kutwa nzima, kisha uniambie ni saa ngapi utakwenda kukaa gengeni.

Akienda na mtoto, mteja akisikia harufu hasemi kitu, anahamia meza ya pili. Akimwacha nyumbani, dada wa kazi anaaga baada ya siku chache. Jirani aliyekuwa akimshikia watoto wa kwanza anakuwa na udhuru kila siku.

Watu hudhani mwenye ajira rasmi ana nafuu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua, ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku hizohizo 4 ndizo za kufiwa na mwenza, mzazi au ndugu. Zikiisha, nyongeza ni hiari ya mwajiri na haina malipo. Upasuaji mkubwa mmoja kwa kawaida unamweka mtoto wodini muda mrefu kuliko siku hizo zote. Upasuaji wenyewe unafanyika kwenye hospitali kubwa chache, kama Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, kwa hiyo anayetoka wilaya ya mbali anaongeza siku za njiani na mahali pa kulala. Kwa sera, mtoto wa chini ya miaka 5 hatozwi kwenye hospitali za umma. Nauli, chakula, vitambaa na dawa iliyokosekana dirishani bado vinanunuliwa. Fedha iliyokuwa iwekwe kwa safari ya upasuaji wa pili inaliwa na kolostomi, na kolostomi inaendelea kukaa kwa sababu fedha ya safari haipo.

Ndiyo maana nauliza habari za kazi siku ya kwanza. Wapo watoto wanaohitaji kuoshwa utumbo nyumbani kwa mpira laini unaopitishwa njia ya haja kubwa na maji maalumu ya chumvi tunayowapa (si maji matupu, hayo yanafyonzwa na utumbo, yanavuruga chumvi ya damu na mtoto anaweza kupata degedege). Tukiandika tu "asubuhi na jioni", mama muuza vitumbua amekwisha, kwa sababu asubuhi ndiyo biashara yake yote. Tukisogeza hadi saa nne, vitumbua vikiwa vimeisha, mtoto hapungukiwi kitu.

Tena sikubali mtoto atoke wodini mpaka watu wawili wa nyumbani wamejifunza mbele yangu. Mama peke yake hatoshi. Kuna baba mmoja, mlinzi wa usiku, aliyeshika kazi hii vizuri kuliko wengi niliowafundisha: akitoka zamu anamwosha mtoto utumbo, anabadilisha vitambaa, ndipo analala, na mkewe yuko sokoni tangu alfajiri. Kina baba wakiambiwa hii ni kazi ya wanawake wanakimbia. Wakipewa mpira mkononi, wengi wanaweza.

Mambo mengine mawili ombeni bila aibu. Barua kwa mwajiri inayotaja tarehe za kliniki mapema, kwa sababu meneja anavumilia ratiba kuliko simu ya ghafla. Na ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali: nendeni kabla deni halijaanza kukua.

Lipo jambo moja ambalo halisubiri kazi. Tumbo likivimba na kukaza, homa ikapanda, mtoto akaharisha kwa kasi choo chenye harufu kali au akatapika na kulegea, huo ni ukuta wa utumbo kuvimba, hali inayoweza kuua kwa muda mfupi, na huja hata baada ya upasuaji kufanikiwa. Wazazi wanaosubiri Ijumaa walipwe kwanza ndio wanaonitisha. Kopa nauli, njoo usiku huohuo.

Baada ya upasuaji wa mwisho, wengi wanatarajia kila kitu kiishe. Baadhi ya watoto huendelea kuchafua nguo au kufunga choo kwa miaka. Utumbo huamka baada ya chakula, kwa hiyo mkalishe mtoto chooni baada ya kifungua kinywa, kila siku saa ileile, kabla ya kuvaa sare. Mwalimu wa darasa aambiwe kwamba mtoto huyu akitaka kutoka atoke bila kuomba, na kwamba nguo za akiba zimo kwenye begi lake. Shule ikijua hayo, haimpigii mama saa nne asubuhi aje amchukue mwanawe, na siku hiyo mama anaimaliza kazini.