Dawa ya presha haiachwi ghafla: maswali na majibu

Vipokezi vya ubongo vinahusianaje na mapigo ya moyo?
Kipokezi ni protini ya seli inayonasa kemikali, kama noradrenalini, na kuifanya seli iitikie. Vipokezi vya alfa-2 kwenye shina la ubongo vikiamshwa, neva zinazouharakisha moyo hutulia: mapigo hupungua, presha hushuka. Klonidini, mojawapo ya dawa za presha, huviamsha hapo.

Ilijulikanaje kuwa ni ubongo?
Kwa wanyama wa maabara. Klonidini kidogo mno ikiwekwa moja kwa moja kwenye ubongo wa paka hushusha presha na mapigo. Na panya ambao kipokezi chao cha alfa-2A (aina mojawapo ya alfa-2) kimeharibiwa kijenetiki, presha yao haishuki wakipewa dawa hiyo.

Presha yangu sasa ni 120/80 na najisikia mzima. Niache?
Hapana. Imeshuka kwa sababu unameza dawa.

Hata nikipumzisha dawa siku mbili tatu tu?
Hapana, tena hapana! Hizo siku mbili tatu ndizo za hatari. Klonidini ikikatwa ghafla, noradrenalini, kemikali ya zile neva zinazouharakisha moyo, iliyokuwa imezuiwa hufurika. Kati ya saa 18 na 72 moyo huenda mbio, jasho na kutetemeka hufuata, na presha yaweza kupita ile ya kabla ya matibabu. Anayemeza asubuhi ya kliniki tu ili kipimo kisomeke vizuri hamdanganyi daktari. Anajirudisha kwenye hatari hii kila mara.

Ni klonidini peke yake?
La. Propranololi na atenololi, nazo dawa za presha, huziba vipokezi vya beta ambavyo adrenalini huuharakishia moyo, na moyo huongeza vingine taratibu. Ukiacha ghafla, vyote hubaki wazi kwa adrenalini. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio la moyo. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili, na anayepanga ni daktari, si wewe. Ukitumia aina zote mbili, ya beta hutangulia kuondolewa, siku kadhaa kabla ya klonidini.

Nimesahau kidonge kimoja?
Meza ukikumbuka. Saa ya kinachofuata ikikaribia, ruka kilichopita, usimeze viwili pamoja. Ukikosa klonidini mara mbili mfululizo, wasiliana na kituo cha afya siku hiyohiyo.

Nimeshaacha, na kichwa kinauma sana. Nisubiri kesho?
Usisubiri. Maumivu makali ya kichwa, kifua kubana, kukosa pumzi, kuchanganyikiwa au upande mmoja kulegea, nenda hospitali sasa hivi, na ubebe paketi za dawa ulizoacha.